Naomba ushauri: tafsiri inachelewa kwenye filamu ya 1932

Habari zenu ndugu zangu. Naandika tafsiri ya Kiswahili ya kupita chini ya picha kwa ajili ya "Gli uomini, che mascalzoni...", filamu ya Mario Camerini iliyopigwa Milano, isiyo na rangi. Vittorio De Sica ni Bruno, dereva anayechukua gari la bosi wake ili amtembeze Mariuccia, muuza manukato. Naipenda mno, nataka mama yangu naye aielewe.

Mwanzoni maneno yanaenda sawa na midomo. Katikati yanachelewa sekunde mbili, mwishoni nne. Nimejaribu kuyarudisha nyuma yote kwa sekunde nne: mwisho ukakaa sawa, lakini mwanzo ukaharibika, Bruno anajibiwa kabla hajauliza.

Je, kuna namna ya kubana muda kidogo kidogo filamu nzima, badala ya kusogeza yote kwa pamoja?

Na wimbo "Parlami d'amore Mariù", mngeutafsiri au mngeuacha Kiitaliano? Nimeandika "Niambie mapenzi, Mariù", lakini naona haikai vizuri na sauti. Natanguliza shukrani.