Tupeane uzoefu: mlioishi Israeli, sikukuu zao na siku zao za kumbukumbu ziliwakuta vipi?

Mvuna Pilipili: Wakuu, juzi gari la zimamoto limepita hapa Msamvu likilia, nikajikuta nimesimama wima. Nimekumbuka mafunzo ya kilimo kule Arava, jangwani kusini mwa Israeli. Yom HaShoah, siku ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, king'ora kinalia saa nne asubuhi nchi nzima, dakika mbili. Tulikuwa kwenye basi. Dereva akazima gari katikati ya barabara kuu, abiria wote wakashuka, kimya. Leteni zenu.

Chapati Tatu: Mimi Pasaka ya Wayahudi bwana, wiki ya kutogusa mkate wa chachu. Rafu za mikate dukani zimefunikwa nailoni, na hela yako mkononi.

Mzee wa Sembe: Ugali je?

Chapati Tatu: Inategemea umeingia nyumba gani. Wenye asili ya Ulaya wengi hawagusi mahindi wiki ile, wenye asili ya Iraki wengi wanakula. Chagua jirani vizuri.

Mlezi wa Haifa: Mvuna umenitonesha. Nilikuwa namlea bibi mmoja, mkononi ana namba aliyochanjwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, wino umefifia mpaka unafanana na mshipa. Usiku wa kuamkia siku hiyo akaniambia nimwashie mshumaa wa kumbukumbu, ule wa kwenye kikopo unaokesha. Akawa anataja majina, mama yake, wadogo zake, mimi nimeshika kiberiti tu. Asubuhi king'ora kikaanza. Bibi ni wa kiti cha magurudumu, miguu ilishakataa. Akanivuta nguo: niinue! Nikampitisha mikono kwapani nikamsimamisha. Jamani, dakika mbili! Mgongo unawaka moto, yeye anatetemeka mwili mzima, nikitaka kumkalisha ananing'ang'ania. Kilipokata akakaa, akafuta macho, akauliza nani kaijaza chai yake sukari.

Binti Bara: Pole dada. Sina la kuongeza.

Kaka Hoja: Wakristo mmeanza kushika sikukuu za watu. Someni Wakolosai 2:16.

Mama Sabato: Mstari huo unasema mtu asiwahukumu. Wewe sasa unafanya nini?

Swahiba wa Mvita: Taratibu. Hata funga yetu ya Ashura, Mtume aliwakuta Mayahudi wa Madina wamefunga kwa kuokolewa Musa.

Kaka Hoja: Nimeuliza Wakristo, sheikh.

Mama Sabato: Dada wa Haifa, bibi yupo?

Mlezi wa Haifa: Alishatangulia. Ila binti yake kila mwaka ananipigia usiku ule kuuliza kama nimewasha. Huku Kakamega nawasha mshumaa wa kawaida, ule wa umeme ukikatika, sijamwambia.

Kahawa Chungu: Mnaokwenda mwaka huu, Yom Kippur, siku yao ya toba, ni saa 25 bila tonge wala maji. Acheni kahawa siku chache kabla, la sivyo kichwa kitawapasua.

Mvuna Pilipili: Msimsikilize. Mimi nilikunywa vikombe viwili kabla jua halijazama, nikafika salama. Tatizo ni watoto, magari hakuna, wanamiliki barabara kwa baiskeli. Nusura wanigonge.

Mzee wa Sembe: Dawa ni kulala. Ukiamka pembe ya kumaliza funga imeshapigwa, unakula.

Kaka Hoja: Sijajibiwa bado.