Tukigawanya sehemu, kwa nini tunapindua ya pili? Mwanafunzi kaniuliza, nimekosa jibu

MwalimuKahama
Habari zenu walimu. Nafundisha hisabati darasa la sita, shule ya msingi huku Kahama. Wiki iliyopita tulifika kwenye kugawanya sehemu. Nikaandika ubaoni 2¼ ÷ ¾, nikafanya vilevile nilivyofundishwa: 2¼ iwe 9/4, alama ya kugawanya iwe ya kuzidisha, sehemu ya pili ipinduliwe, 9/4 × 4/3, jibu 3. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, tumegawanya, mbona jibu limekuwa kubwa kuliko tulichokigawa? Na kwa nini tunapindua?"

Nina watoto 82 mle darasani. Wote wakanyamaza wakinitazama. Nikamjibu kwamba ndiyo kanuni. Akakaa, ila usoni niliona hajaridhika, na mimi sikuridhika pia. Tangu siku hiyo naligeuza swali lake kichwani. Nyinyi mnawaelezaje?

Songambele
Mwalimu mwenzangu, muda wenyewe uko wapi? Mtihani wa darasa la saba hauulizi sababu, unauliza jibu. Mimi nina wimbo wa "pindua, zidisha, rahisisha", wanaimba, wanakumbuka, wanafaulu.

BiMstaafu
Mwanangu wa Kahama, huyo binti amekuuliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza kwa miaka mingi ya kushika chaki. Na Songambele mwanangu, wimbo nami niliuimbisha, kwa hiyo sikulaumu. Nipe nafasi nieleze kilichonibadilisha.

Niliingia ualimu kwa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aende shule, walimu hawakutosha, tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba tukafundishwa tukiwa kazini. Miaka ya mwisho kabla sijastaafu, binti yangu alikuwa chuoni, akaniletea nakala ya kitabu cha mtafiti mmoja wa ufundishaji wa hisabati, Liping Ma, kilichotoka 1999. Ni cha Kiingereza, nilikisoma na kamusi pembeni, miezi minne.

Kilichonishika kwanza ni maisha yake. Alikuwa mwanafunzi wa Shanghai, amesoma miaka minane tu, Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya kisiasa ya China, yakampeleka kijiji maskini cha milimani kusini mwa China akalime. Baada ya miezi michache mkuu wa kijiji akamwomba afundishe. Madarasa mawili chini ya paa moja, masomo yote yake! Nilipofika hapo nilifunga karatasi nikatoka nje kidogo, maana nilijiona. Alifundisha hapo miaka saba, akawa mwalimu mkuu, baadaye akasoma mpaka Marekani, Michigan kisha Stanford.

Huko alilinganisha walimu wa shule za msingi, 23 wa Marekani na 72 wa China. Aliwapa maswali manne, na moja ni ndugu wa lako: 1¾ ÷ ½. Kwanza wakokotoe, kisha watunge fumbo la maisha ya kawaida linaloleta hesabu hiyo. Wamarekani 21 walijaribu kukokotoa, tisa ndio waliofika kwenye jibu sahihi. Wachina walipata wote 72. Kwenye kutunga fumbo, Mmarekani mmoja tu alitunga lililo sawa, na Wachina ni asilimia 90. Wamarekani wengi waliokosea walitunga habari ya kugawana chakula watu wawili. Hiyo ni kugawa kwa 2, si kwa nusu. Nami kabla sijafungua ukurasa uliofuata nilijaribu mwenyewe, nikatunga maandazi ya watoto wawili.

Sasa sikilizeni jambo hili. Wamarekani wale walikuwa na digrii. Wachina wengi walisoma miaka tisa, kisha chuo cha ualimu miaka miwili au mitatu. Mimi niliyedharauliwa maisha yangu yote kwa kuitwa mwalimu wa UPE nililisoma mara tatu. Ma anaonyesha kwamba tofauti ilitoka kwenye hesabu zenyewe za shule ya msingi, jinsi walivyozijua kwa mizizi. Na ujuzi ule waliendelea kuupata kazini, kwa kukaa pamoja na kitabu cha kiada kabla ya kipindi wakijiuliza mtoto atakwama wapi.

Turudi kwa binti yako. Usianze na kupindua, anza na unga. Una kilo 2¼, unafunga mifuko ya robo tatu kilo. Mifuko mingapi? Mitatu. Jibu ni kubwa kwa sababu tunahesabu mifuko, na kila mfuko haufiki kilo. Kisha muulize: kilo moja tu ingetoa mifuko mingapi? Atafunga mmoja, itabaki robo kilo, na robo kilo ni theluthi ya mfuko. Kwa hiyo kilo moja ni mfuko mmoja na theluthi, yaani 4/3. Hiyo ndiyo ¾ iliyopinduliwa! Kila kilo inatoa mifuko 4/3, una kilo 2¼, ndiyo maana unazidisha. Mwache afike mwenyewe, usimtangulie.

FundiTanga
Mimi si mwalimu, ni fundi cherehani, nimepita tu. Kitambaa mita mbili na robo, foronya moja inakula robo tatu, natoa foronya tatu. Kazi hii naifanya kila siku, na shuleni sehemu zilinishinda kabisa. Hakuna aliyeniambia kwamba ni kitu kimoja. Asante sana Bi Mstaafu.

MwalimuKahama
Shikamoo Bibi. Nimerudi na habari. Unga sikuwa nao, tulitumia mchanga na mzani wa kuazima dukani. Hesabu yangu walielewa, hiyo ya 4/3 waliifikia watoto kama kumi, na binti alikuwa mmojawapo. Nikawapa na ile ya Ma, kilo 1¾ kwa mifuko ya nusu kilo. Hapo darasa likagawanyika! Wengi walisema mifuko mitatu na robo, kwa sababu waliona robo kilo imebaki. Kanuni inasema 3½. Walibishana mpaka kijana ambaye mama yake ana genge akasimama: "Robo ni ya kilo. Kwenye mfuko ni nusu." Wakanyamaza, kisha wakaanza kuelezana wenyewe kwa wenyewe. Lakini vipindi viwili vimeisha kwa maswali mawili tu, na nina wasiwasi na muhtasari.

BiMstaafu
Marahaba mwanangu. Huyo wa genge amewafundisha wenzake jambo gumu kuliko kupindua, kwamba sehemu lazima iwe ya kitu fulani. Vipindi viwili hivyo vitakulipa ukifika kwenye uwiano na asilimia.

Kama unaweza, kaa na mwalimu wa darasa la pili. Msikilize anavyofundisha 52 − 25. Sisi tunasema mbili haitoshi, kopa kwa jirani, na mtoto anajiuliza deni linalipwa lini. Wengi wa wale Wachina walisema tunavunja kumi moja kuwa mamoja kumi. Hakuna mkopo hapo, 52 imebaki 52, imepangwa upya tu kuwa 40 na 12. Ma anaeleza kwamba mtoto aliyeshika hilo akiwa mdogo halishangai tena likirudi kwenye mamia. Mimi nilikuwa nikilifundisha kwa neno "kopa" mpaka nastaafu, na linaniuma.

Na binti wa dawati la nyuma mpe kazi hii: wanakijiji wamechimba kilometa 1¾ za mtaro wa bomba, na hiyo ni nusu ya mtaro wote. Asikokotoe. Akueleze kwanza kama huko nako ni kugawanya kwa nusu, ingawa hakuna mfuko hata mmoja. Atakachosema kiandike hapa, nakingoja.