Wenye magenge, migahawa na vigesti: mkaa, mabaki na plastiki mlivipunguzaje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Mwiko:

Wakuu habari za jioni.

Nina mgahawa wa watu wa kawaida hapa Dar, upande wa Tabata. Meza kumi na moja, sahani kama 120 kwa siku: wali maharage, ugali samaki, pilau siku ya Ijumaa. Niseme ukweli, mazingira hayakuwa akilini mwangu kabisa. Kilichoniamsha ni daftari. Mwishoni mwa 2022 nilijumlisha mkaa wa mwezi mmoja nikapata magunia kumi, kila gunia 75,000. Laki saba na nusu, imepita kodi ya fremu! Na kila gunia chini yake kuna chenga na vumbi umeuziwa kwa bei ileile.

Nikanunua jiko la gesi la mezani, lile kubwa kiasi. Wali ulikubali siku ya kwanza. Ugali ukakataa. Anayejua kusonga ugali wa kilo sita anaelewa: sufuria linazunguka, jiko linasogea, mpira wa gesi unavutika. Mpishi wangu, dada wa Singida mwenye miaka kumi na tano jikoni, aliweka mwiko chini akaniambia, "Kaka, mimi na hili jiko tutazikwa siku moja." Akarudi kwenye mkaa wake. Sikuwa na la kumjibu.

Miezi miwili jiko la laki tatu likawa la kuwekea mabeseni. Aliyenitoa ni fundi wa kuchomelea mageti, jirani yangu. Huyu bwana hakuuliza habari za gesi. Alimwomba mpishi asonge ugali mbele yake, palepale kwenye mkaa. Akapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa sufuria, akaangalia miguu anaikanyaga wapi. Kesho yake akaleta stendi: miguu minne iliyotanuka kwa chini, pete ya juu ya kukalia sufuria, na vyuma viwili vya kubana masikio ya sufuria lisizunguke. Kichwa cha gesi kimefungwa chini kwa nati, mbali na sufuria. Miguu miwili tukaifukia kwenye zege. Sasa dada anasonga hata akiwa na hasira na mtu, hakitikisiki kitu.

Maharage nayaloweka saa tatu usiku, asubuhi namwaga yale maji, yanaingia kwenye sufuria la presha. Zamani moto wa maharage uliwashwa saa kumi alfajiri.

Leo natumia mitungi mitatu ya kilo 38 kwa mwezi, kila mmoja 140,000, na magunia mawili ya mkaa kwa ajili ya mishkaki na chapati. Jumla 570,000. Mkakati wa nishati safi ya kupikia ulizinduliwa Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni jambo jema, ila kwenye semina zote nilizokaa hakuna aliyegusa suala la ugali wa watu mia. Wanapika chai na mayai mbele ya kamera, wanapiga makofi.

Leteni yenu. Na waliofeli pia waje, hao ndio nawataka zaidi. Naomba kuwasilisha.

Ndoo Mbili:

Mkuu umenigusa. Mimi niko Dodoma, karibu na ofisi za serikali. Kwangu tatizo lilikuwa wali unaorudi.

Kuna mfugaji wa nguruwe alikuwa anakuja kila jioni kuchukua mabaki, na kila akija anashukuru sana. Nikajiuliza, huyu anashukuru nini hivi? Nikaweka ndoo mbili: moja ya maganda na mizizi ya mchicha, nyingine ya vinavyorudi kwenye sahani. Nikapima wiki nzima. Jumatatu peke yake sahani zilirudisha kilo 14, karibu wote wali mweupe. Mchele wa Mbeya huo, naununua kwa pesa, naupikia kwa pesa, halafu nguruwe wanakula kama waheshimiwa.

Nikaandika ubaoni "wali nusu, bei nafuu". Siku tatu hakuna aliyeagiza. Mhudumu ndiye aliyenifumbua macho: "Bosi, mwanaume mzima aseme nipe nusu mbele ya wenzake?" Nikafuta. Nikaandika "sahani ya mchana 2,500" na "sahani ya kazi 3,500". Wali ni uleule, majina tu. Wenye tai wote wakahamia sahani ya mchana. Ndoo ikashuka hadi kilo tano.

Mfugaji siku hizi ananisalimia kwa mbali.

Mteja Mtiifu:

Mimi si mfanyabiashara, ni mlaji. Mkianza kunipunguzia wali mkauita mazingira, nahamia kwa jirani. Nimemaliza.

Ndoo Mbili:

@Mteja Mtiifu, kwangu ukimaliza unaongezewa bure. Toka nianze, wanaoomba nyongeza hawafiki kumi kwa siku. Wewe karibu uwe wa kumi na moja.

Bi Karai:

Hamjambo wapendwa. Mimi ni wa Mombasa, nauza viazi karai, bajia na mahamri asubuhi.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, tarehe 28 Agosti 2017, tulidhani biashara imekwisha. Tukarudi kwenye karatasi za kaki, na wateja wa chai wakaanza kuja na bakuli zao kutoka nyumbani. Mwenye bakuli namwongezea kiazi kimoja. Watoto ndio wamelishika hilo, wanakuja na mabakuli makubwa kuliko pesa walizotumwa nazo.

Lakini kisa changu ni cha mafuta. Mafuta yakishachoka nilikuwa namwaga mtaroni. Siku moja mvua ikapiga, mtaro ukaziba, maji yakaingia kwa jirani na yale mafuta yangu yakielea juu. Aibu niliyoipata! Akatokea kijana, akasema ananunua mafuta machafu kwa ajili ya watengeneza sabuni. Nikafurahi, nikamuuzia kama miezi minne, mtungi wa lita ishirini kila wiki mbili.

Basi siku hiyo natoka harusini mtaa wa pili, napita mahali wanakaanga sambusa. Naona mtungi wangu. Naujua, kifuniko kilipotea nikaweka chekundu cha mtungi mwingine nikakifunga kwa uzi wa katani. Uko kando ya karai, mtu anamiminia. Yale mafuta niliyoyatupa mimi kwa kuogopa kuwadhuru wateja wangu, watu wanalishwa upya.

Tangu siku hiyo hayatoki kwangu mafuta yakiwa mafuta. Wifi yangu anajua sabuni ya magadi, tunapika wenyewe. Tunayachuja kwa kitambaa mara mbili, unga na chenga zitoke. Kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, unaipima kwa mizani, hukisii. Na hapa mnisikize vizuri: kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogokidogo, maji hayamwagwi juu ya kostiki. Ukigeuza inaruka usoni. Glavu, nje penye hewa, watoto mbali, na wala si kwa sufuria la alumini. Ukishakata vipande unaviacha wiki nne kabla ya kutumia. Sabuni yenyewe haina sura nzuri, ni ya rangi ya chai ya maziwa, lakini masufuria yangu yanang'aa na sabuni ya jikoni sinunui tena.

Mzee wa Mwiko:

Shikamoo Bi Karai. Huo mtungi wa kifuniko chekundu umenikosesha hamu ya sambusa leo.

LUKU Haidanganyi:

Fupi tu kutoka Mwanza. Niliogopa sufuria la presha la umeme kwa sababu ya bili. Nikasoma mita kabla, nikapika maharage kilo moja bila kuloweka, nikasoma baada. Hata uniti moja haikufika, na uniti kwangu ni kama shilingi 356. Mkaa wa kopo moja unaanzia wapi? Siku nyingine umeme ulikatika presha ikiwa imeshapanda, sikuifungua, joto lake likamalizia kazi. Shida ni udogo wake. Ninazo tatu, na nimewekewa waya mnene na soketi mbalimbali. Usichomeke zote kwenye ekstensheni moja, nilishayeyusha moja.

Kisima cha Pwani:

Assalaam alaykum. Mie nina nyumba ya wageni ya vyumba sita, Jambiani, Unguja. Mifuko ya plastiki huku ilikatazwa tangu 2006, kwa hiyo hilo si jipya kwetu. Kinachotutesa ni maji. Ardhi yetu ni jiwe tupu, karo likivuja linakwenda kisimani na pwani kwa kinamama wa mwani. Na kisima ukikivuta sana kiangazi, chai inakuwa na chumvi.

Nilikwenda kuangalia kule kisiwani Chumbe. Wana mabanda saba tu, maji yao ni ya mvua, yanateremka kutoka kwenye paa yanahifadhiwa chini ya sakafu. Choo chao hakitumii maji. Umeme wa jua. Choo kile sikukithubutu, wageni wangu wengine ni wa kutoka Dar, wangenisema hadi Kariakoo. Nikachukua mvua tu. Nimeweka mifereji ya bati na tangi la lita elfu kumi. Maji ya mwanzo ya masika nayaacha yaende, yanaosha paa na kinyesi cha kunguru. Yanayofuata ndiyo ya kufulia na kuoshea vyombo.

Chupa za plastiki nimeziondoa vyumbani. Kila chumba kina chupa ya kioo na dumu kubwa liko ukumbini. Wiki ya kwanza mgeni mmoja alinishitakia kwa mhudumu kuwa ninawanywesha maji ya bomba. Sasa dumu linafunguliwa mbele yao, lakiri wanaiona inakatwa.

Vifuu vya nazi havitupwi hapa, ndivyo vinavyochomea samaki. Chicha wanakula kuku.

Mtambo Umelala:

Umewaita waliofeli, nimekuja. Usa River, Arusha. Nilijenga mtambo wa biogesi, ng'ombe watatu, fundi mzuri tu. Ulianza kwa kinyesi na maji nusu kwa nusu, moto wa bluu safi, nikawa naleta watu kuutazama. Sifa zikaniponza. Nikasema mabaki yote ya mgahawa yaende humo: wali, mchuzi wenye mafuta, maganda ya machungwa, maji ya kuoshea vyombo na sabuni yake. Ndoo tatu kwa siku.

Wiki ya tatu moto ukawa unaruka, ukishawaka unazima. Gesi ipo, inasukuma, lakini haiwaki. Harufu ya siki hadi kwenye meza za wateja. Fundi alipokuja aliniuliza kama mimi nikila pilau sahani nane nitalala vipi. Vijidudu vya humo ndani vinashibishwa taratibu, ukivizidishia chakula kinachachuka, vinakufa. Mafuta yanatanda juu, sabuni inaviua.

Nikaacha kulisha wiki mbili, nikatia kinyesi kibichi kidogokidogo. Uliamka baada ya mwezi na nusu. Siku hizi unakula kinyesi na ndoo ndogo moja ya maganda yaliyokatwakatwa, basi. Unanipikia chai na supu ya asubuhi. Nyama bado ni gesi ya mtungi.

LUKU Haidanganyi:

@Mzee wa Mwiko, hujatupa vipimo vya stendi. Huku ugali ndio chakula.

Mzee wa Mwiko:

Nimetoka kupima sasa hivi na kamba. Kutoka sakafuni hadi kwenye pete sentimita 41, lakini mpishi wangu ni mfupi, mpime wa kwako kwanza akiwa ameshika mwiko. Pete iwe ndogo kuliko tumbo la sufuria kwa vidole viwili kila upande. Miguu ya nyuma ndiyo ya kufukia, maana msongaji anavuta kuja kwake. Mpira wa gesi upite nyuma, mbali na miguu ya watu. Fundi alinitoza 95,000 na sahani mbili za pilau.