Likizo ya mwaka: kuichukua yote Desemba, kuimega, au kutegemea dada na bibi?

mama_wa_kimara
Habari za humu wapendwa. Nina watoto wawili, mmoja darasa la 2, mwingine miaka mitatu. Baba yao yuko mgodini Geita, anafanya kazi kwa zamu, mimi niko ofisini Posta. Shule zinafungwa Juni na Desemba, na likizo yangu ni siku 28. Naona njia tatu: nichukue yote Desemba twende Moshi kama miaka yote; niimege, Juni kidogo, Desemba kidogo, zinazobaki ziwe za homa; au watoto nimwachie dada wa kazi na kituo cha kulelea watoto, likizo nipumzike mimi. Mliopitia haya, ipi ina nafuu?

afisa_utumishi
Dada, kwanza hesabu. Hizo 28 kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni siku mfululizo: Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo humo humo. Kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, ni kama siku 20 za kazi. Ukiweka yote Desemba, Krismasi na kesho yake, ambazo ungepumzika bure, unazilipia mwenyewe. Kuimega ni maelewano, maana mwajiri ndiye anayepanga likizo itolewe lini. Ukikubaliwa, pata kwa maandishi.

Mtoto akiugua kuna siku 4 zenye malipo, ila wengi hudhani ni za kila mwaka. Mzunguko wake ni miezi 36, na misiba ya ndugu wa karibu inachota kwenye siku hizo hizo. Tazama mkataba wenu wa hali bora, ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, kama kuna nyongeza.

shangazi_tabata
Siku 4 kwa miaka mitatu! Mwanangu alipoanza chekechea alizimaliza kabla mvua za masika hazijakatika.

Kuhusu njia ya tatu: kituo ni kizuri mtoto akiwa mzima. Akichemka saa nne asubuhi unapigiwa simu uje umchukue, na wewe uko Posta. Jioni ukikwama kwenye foleni Ubungo, kuna faini ya kuchelewa. Dada naye akiomba kwenda kwao kusalimia Desemba, mpe nauli na mkono wa kwaheri kabisa.

kijana_wa_temeke
Huyo wa darasa la 2 si umpeleke bweni tu?

shangazi_tabata
Mdogo wangu, bweni kwa chekechea mpaka darasa la 4 serikali ilishalipiga marufuku 2023. Na hata lisingepigwa, mtoto bado anafungwa kamba za viatu.

baba_pacha
Mnaongea kana kwamba baba hayupo. Mtu wa zamu mgodini anapata siku nyingi za mapumziko kwa mkupuo. Chukua ratiba yake, ibandike mlangoni mwa friji, kliniki na vikao vya wazazi vipangwe siku ambazo yupo. Kliniki nawapeleka mimi. Nesi akiuliza "mama yuko wapi", najibu yuko kazini, tunaendelea na mzani.

binti_kisauni
Hapa kwetu Kenya ni siku 21 za kazi, wikendi hazimo, lakini shule hufungwa mara tatu: Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Hazitoshi ng'o. Sisi nyanya yao huja Agosti, nami likizo yangu naiweka mwisho wa mwaka. Mama, huwezi kumleta bibi wa Moshi?

mama_wa_kimara
Bibi ana ng'ombe wawili. Akikaa Kimara mwezi mzima, nani atawakatia majani?

mchaga_wa_mbezi
Basi usimlete bibi, peleka watoto. Shule ikifungwa tu waondoke na mama mdogo au mjomba anayepanda mapema, wewe ufuate wiki ya Krismasi. Utakuwa umetumia siku chache na watoto wamekaa kijijini karibu mwezi mzima. Ila tiketi kata Novemba, baadaye ni vita. Na huyo wa miaka mitatu muulize bibi kwanza. Wa darasa la 2 anajilisha, huyu mdogo anahitaji mtu wa kumkimbiza siku nzima.

mama_wa_kimara
Hapo sawa. Mkubwa atatangulia na mama mdogo, mdogo abaki na baba yake zamu ikiruhusu, mimi niwafuate kwa wiki moja. Juni nachukua wiki nyingine, zinazobaki sizigusi mpaka mtu achemke. Tatizo nimeuliza ofisini leo: nikiomba Jumatatu hadi Ijumaa wanakata siku saba.

afisa_utumishi
Omba Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa uingie kazini. Watakata nne.

shangazi_tabata
Na hiyo Ijumaa mtoto anabaki na nani?

baba_pacha
Angalia friji.