Youn Yuh-jung: Oscar imempandisha, au imefunika kazi yake ya miaka hamsini?

Zumari (mleta mada): Wadau, tangu Youn Yuh-jung apewe Oscar ya mwigizaji msaidizi Aprili 2021 kwa filamu ya Minari, kila makala inamwandika kama bibi aliyeibuliwa uzeeni. Mama huyu kazaliwa 1947. Mwaka 1971 tayari alikuwa mhusika mkuu wa mwongozaji Kim Ki-young kwenye filamu ya Woman of Fire, na mwaka huohuo runinga ya MBC wakampa tamthilia ya Jang Hui-bin, suria wa mfalme. Mimi nasema kazi yake kubwa iko kwenye runinga, na sanamu ya Wamarekani imeifunika. Mnasemaje?

Msomi wa Tandika: Mkuu, unamkuza mno. Kwenye Minari kacheza bibi wa pembeni, anataniana na mjukuu, basi. Bibi yeyote wa Kikorea angeiweza ile. Wa kuheshimiwa ni Jeon Do-yeon: tamasha la filamu la Cannes 2007, mwigizaji bora wa kike, mhusika mkuu wa Secret Sunshine.

Bint Chwaka: "Bibi yeyote"? Umeiangalia mpaka mwisho kweli? Soonja, ndiye huyo bibi, anafika Arkansas, Marekani, na pilipili ya unga na dagaa wakavu kwenye mizigo, anafundisha watoto karata huku akitukana, anapasua kokwa kwa meno na kuitoa mdomoni amlishe mjukuu. Kisha anapata kiharusi. Mdomo umepinda, maneno hayatoki, mguu anauburuta. Waigizaji wengi wanaharibu hapohapo, kwa sababu wanaigiza ugonjwa: mkono unatetemeka kupita kiasi, kichwa kinaning'inia, mtu mwenyewe kapotea. Youn anaigiza mwanamke anayetaka kusaidia kazi za nyumbani na mwili unamkatalia. Anachoma takataka kwenye pipa, moto unatoka, anajaribu kuuzima na hawezi, ghala la mboga linateketea. Pale macho ni ya Soonja yuleyule mtukutu wa mwanzo. Hiyo si ya bibi yeyote.

Fundi Taa: Na hilo neno msaidizi mnalitumia kama tusi. Kwenye Oscar wanaopiga kura ya uteuzi ni waigizaji wenyewe, na wao ndio wanaamua jina liangukie kundi gani. Msambazaji anapendekeza tu kwenye kampeni yake. Parasite, filamu ya Kikorea, ilibeba Oscar nne Februari 2020 bila mwigizaji hata mmoja kuteuliwa. Kabla ya Youn hakuna Mkorea aliyewahi kushinda Oscar ya uigizaji. Tuzo za Golden Globe hawakumteua kabisa, na filamu yenyewe wakaisukuma kwenye kundi la lugha za kigeni kwa sababu Kiingereza hakikufika nusu ya mazungumzo, ingawa ni filamu ya Kimarekani, ya mwongozaji Mmarekani.

Msomi wa Tandika: Maneno mengi. Cannes hakuna kapu la wasaidizi, tuzo ya mwigizaji wa kike ni moja. Jeon Do-yeon kaichukua.

Fundi Taa: Basi tuwaweke chumba kimoja, maana waliwahi kukutana. The Housemaid ya 2010: Jeon ni mtumishi mpya, Youn ni mtumishi mkongwe Byung-sik, yule anayegundua mimba na kupeleka habari kwa mama mkwe wa tajiri. Sasa rudi 1971. Woman of Fire ni hadithi ileile, Kim Ki-young akiirudia filamu yake ya 1960, na mtumishi kijana anayepewa mimba na bwana mwenye nyumba ni Youn. Miaka 39 baadaye anasimama upande wa pili wa mlango, anamtazama msichana akipita njia ileile. Na kwa "usaidizi" huohuo, nyumbani Korea wakampa tuzo ya Blue Dragon.

Zumari: Jamani, mada ni runinga! Aliporudi Korea 1984 baada ya miaka kama kumi Marekani, kisha ndoa ikavunjika 1987, watazamaji hawakutaka kuona mwanamke aliyeachika kwenye skrini. Ana watoto wawili wa kulea. Aliyemsimamia ni Kim Soo-hyun.

Kichwa Maji: Kim Soo-hyun wa My Love from the Star? Mwaka 1987 hata hajazaliwa! Mleta mada unatupanga.

Bint Chwaka: Ndugu, kabla ya kupiga kelele uliza. Huyo kijana kazaliwa 1988. Anayetajwa ni mama mwandishi, wa mwaka 1943, aliyetawala tamthilia za Korea kwa miongo. Jina moja, watu wawili.

Kichwa Maji: Angesema "mwandishi" tangu mwanzo. Halafu hao waandishi wana nini? Anayeonekana ni mwigizaji.

Zumari: Wana kila kitu. Mistari ya mama huyu ni mirefu, inasemwa kwa kasi, na haruhusu ubadilishe hata neno moja. Ndani ya studio mnapigwa picha na kamera kadhaa kwa mpigo, meza nzima ya familia inabishana. Ukiteleza mstari wa mwisho, wote mnarudia toka juu. Tamthilia za wikendi ni vipindi viwili kila wiki, hamsini na kuendelea. Kabla ya sheria ya saa 52 za kazi kwa wiki, iliyoanza 2018, ilikuwa kawaida kurasa za mswada kufika siku hiyohiyo ya kupiga picha. Aliyezoea hivyo, filamu ya bajeti ndogo kama Minari haimtishi.

Msomi wa Tandika: Sawa, nitajie tamthilia moja ambayo si ya kulia na kusuta wakwe.

Bint Chwaka: Dear My Friends, runinga ya tvN 2016, vipindi 16 tu. Wazee watupu, Youn ni Oh Chung-nam, hajaolewa, anahangaikia masomo aliyoyakosa. Ukitaka wakwe, My Husband Got a Family ya KBS 2012, vipindi 58, nusu ya kwanza inatosha kumwona akibeba ucheshi na uchungu wa mama aliyepotelewa na mtoto.

Msomi wa Tandika: 16 naweza. Ila Jeon Do-yeon bado yuko juu.

Fundi Taa: Usianze na hiyo, anza na The Bacchus Lady, 2016 pia. Ana miaka 69, anacheza kahaba mzee wa bustani za Seoul. Na ni mhusika mkuu, kwa kuwa ndilo lililokukera.