Wakuu, naombeni vipimo vya antena ya redio ya kuelekeza, nipo Bahi

Mpunga_Bahi
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Bahi, upande wa mashamba ya mpunga. Vituo vya FM vya Dodoma mjini vinafika huku na mikwaruzo mitupu. Mzee wangu anategemea redio kwa kila kitu: taarifa ya habari, utabiri wa mvua, bei za mazao. Nataka kumtengenezea ile antena ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja. Nina mabomba ya alumini ya pazia na waya wa dishi. Nikate urefu gani?

Fundi wa Chang'ombe
Mkuu, hiyo ni Yagi, imetoka kwa Wajapani Yagi na Uda miaka ya 1920. Vijiti vitatu vinakutosha. Chukua 143, gawanya kwa masafa ya kituo (namba yake ya FM), unapata urefu wa kijiti cha kati kwa mita. Kituo kikiwa 98, ni mita 1.46. Kikate katikati, acha mwanya wa sentimita 2. Kiini cha waya wa dishi (uzi wa katikati) kifunge kipande kimoja, nyavu (nyuzi zinazokizunguka) kipande cha pili, visigusane kabisa! Cha nyuma kirefushe kwa asilimia 5 (1.53), cha mbele kipunguze hivyohivyo (1.39), na hivyo viwili usivikate katikati. Kati ya kijiti na kijiti sentimita 60, juu ya mbao kavu. Kile kifupi ndicho kinaitazama Dodoma, kwa hiyo elekeza kusini mashariki.

Kijana wa Nala
Si anunue busta tu, kile kifaa cha kukuza mawimbi, amalize kazi?

Fundi wa Chang'ombe
Busta inakuza na mikwaruzo yenyewe. Apandishe antena juu kwanza, ipite miti na mabati ya nyumba. Halafu azime chaja na taa za sola asikilize kwa betri tupu, wakati mwingine mikwaruzo inatoka humohumo ndani.

Mpunga_Bahi
Asante sana mkuu. Redio ya mzee haina tundu la antena, ina ule mkonga wa kuvuta tu.

Fundi wa Chang'ombe
Kiini kibane kwenye mkonga kwa kibanio cha chuma, nyavu ipeleke kwenye hasi ya betri.

Mama Redio
Mdogo wangu, jaribu vijiti vikiwa vimelala, kisha uvisimamishe. Vituo havirushi kwa namna moja, na tofauti utaisikia palepale. Vikikubali kusimama, tumia mlingoti wa mwanzi, wa chuma utaviharibia. Na tafadhali sana, radi za masika huku kwetu si za kuchezea. Mawingu yakianza kujikusanya, chomoa waya kwenye redio na uutoe nje ya nyumba. Mwonyeshe mzee mwenyewe namna ya kuuchomoa, maana wewe hutakuwepo kila siku.

Mpunga_Bahi
Nimekuelewa dada. Mbao naifuata mnadani, nikishaipandisha nitaleta majibu hapahapa.