Tupeane uzoefu: madoa ya maji kwenye rangi mpya ya gari

Boneti Nyeusi (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Ninaandika nikiwa nimetoka kulikagua gari kwa tochi kwa mara ya nne leo. Gari langu ni jeusi, nalo lina siku 19 tangu nilipolichukua kwa fundi likiwa limepigwa rangi upya. Jumamosi mchana niliosha kwa maji ya kisima, simu ikaita, nikaingia ndani nikidhani jua litanisaidia kulikausha. Niliporudi, boneti yote ilikuwa imejaa viduara vyeupe, kila kimoja kikiwa na ukingo mzito kuliko katikati, mfano wa alama inayoachwa na glasi ya maziwa juu ya meza. Nimeosha mara tatu kwa shampuu ya gari. Vikilowa vinapotea kabisa nami ninafurahi, kisha boneti ikikauka vinarudi palepale. Waliowahi kupatwa na jambo hili, naomba mnisimulie mlitokaje.

Mama Wawili
Pole sana, kaka. Huko kupotea vikilowa ndiko kulikonifanya niamini kwa wiki nzima kwamba nilikuwa ninashinda.

Siki Kidogo
Yangu yalikuwa kwenye mlango wa gari jekundu. Nilichanganya siki nyeupe ya mezani na maji safi, nusu kwa nusu, nikasubiri gari lipoe kabisa kivulini, nikalowesha kitambaa laini na kukilaza juu ya madoa kwa muda wa dakika moja bila kusugua. Nilisuuza kwa maji mengi, nikaosha tena kwa shampuu ili siki isibaki, nikakausha papo hapo. Sehemu kubwa iliondoka kwa mara ya kwanza, na iliyobaki kwa mara ya pili.

Mlinzi wa Rangi
Siki ni asidi. Mnamshauri mtu aweke asidi kwenye rangi ambayo klia yake, lile tabaka angavu la juu, haijamaliza hata mwezi?

Siki Kidogo
Ndugu yangu, siki ya mezani ina asidi kiasi cha asilimia 5, nami niliipunguza kwa nusu. Wewe mwenyewe unaila kwenye kachumbari.

Mlinzi wa Rangi
Tumbo langu halikupigwa klia.

Fundi Mstaafu
Nimepiga rangi magari kwa miaka 26 kabla macho hayajaniambia nipumzike, kwa hiyo naomba niwaamue. Maji hayana kosa. Kosa ni kuyaacha yakaukie juu ya rangi. Maji magumu, na ya visima vingi ni ya aina hiyo, hubeba kalsiamu na magnesiamu. Tone linapokauka maji huondoka na madini hubaki, tena hujikusanya zaidi ukingoni, ndiyo maana mwenye mada anaona duara na si baka. Ukilowesha, maji hujaza ule ukwaru na jicho hudanganyika.

Sasa sikilizeni upande wa rangi. Klia iliyochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, huweza kuwa kavu kwa kuigusa siku ileile, lakini ikiwa haikuokwa kwenye tanuri huendelea kutoa tina, kile kiyeyushi cha rangi, na kukomaa kwa majuma kadhaa. Katika kipindi hicho ni laini, na madini yaliyochemshwa na jua juu yake huweza kuila hadi yakaacha kishimo. Doa lililokaa juu huondoka kwa siki aliyoisema mwenzetu, mradi ajaribu kwanza sehemu iliyojificha na asiiache ikauke. Kishimo hakiondoki kwa siki hata ukimwaga debe zima, kwa sababu hakuna cha kuyeyusha tena, kuna cha kusawazisha. Hiyo ni kazi ya polishi, na kikiwa kirefu ni msasa wa maji namba 2000 au 3000 kisha polishi. Kumbukeni tu kwamba klia kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 60, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida, na kila anayesugua anaila.

Mama Wawili
Nimesoma nikauangalia unywele wangu, nikaliwaza lile brashi la kusugulia viatu nililolitumia mimi.

Msafiri wa Usiku
Nilikuwa nimejiapiza kutoisimulia habari hii, lakini mmenichokoza. Baba mkwe alisafiri akaniachia gari lake nilipeleke kwa fundi wa rangi na kulitunza hadi arudi. Siku ya tatu tangu nilipolitoa kwa fundi, mvua ya rasharasha ilinyesha, jua likatoka, na madoa yakajaa kwenye paa na boneti. Kwa woga niliyafuta kwa fulana kavu, nikaongeza mikwaruzo juu ya madoa. Ndipo nilipopata wazo nililoliona la busara: nilifunika gari zima kwa turubai la plastiki, nikalikaza kwa kamba pande zote ili tone lolote lisiliguse tena, nikaliacha siku tano, usiku umande na mchana jua kali.

Nilipofungua, harufu ya tina ilinipiga usoni kama ya siku ile lilipopigwa rangi. Turubai halikutoka kwa kuvutwa. Lilibanduka kwa sauti, kama plasta juu ya kidonda. Klia ilikuwa imefifia kuwa nyeupe, mikunjo yote ya turubai ilikuwa imejinakili, na katikati ya boneti yalikuwapo maandishi makubwa yaliyogeuka kinyumenyume. Baba mkwe aliporudi alisimama mbele ya gari, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akamwomba mke wangu kioo chake cha mkononi, akainama na kuyasoma herufi moja baada ya nyingine.

Siki Kidogo
Tuache madoa kwanza. Maandishi yalisema nini?

Mama Wawili
Na mzee naye alisema nini? Tafadhali usitukatie hapo.

Boneti Nyeusi
Jamani, boneti yangu bado ina madoa.

Waksi ya Mapema
Kwangu nilipaka waksi siku ya nne, na tangu hapo maji yanateleza yenyewe. Haya mambo ya kusubiri ni kutishana.

Fundi Mstaafu
Kama gari lako liliokwa kwenye tanuri, huenda umesalimika. Likiwa limekaushwa kwa hewa, umeifungia tina ndani, na utauona ufifio baadaye. Watengenezaji wengi husema siku 30, wengine hadi 90. Muulize aliyelipiga rangi alitumia klia gani.

Tone Moja
Suuza mara ya mwisho kwa maji ya betri. Hayana madini, hata yakikauka hayaachi alama.

Mlinzi wa Rangi
Wewe ndiye utakayemwangamiza mwenzetu! Wapo wauzaji wanaoyaita maji yaliyotoneshwa na asidi ya betri kwa jina hilohilo moja. Akipewa chupa ya pili, hatakuwa na rangi ya kuulizia.

Tone Moja
Nakubali, nilipaswa kufafanua. Nilikusudia maji yaliyotoneshwa tu, na ni vizuri asome chupa mwenyewe.

Msafiri wa Usiku
Yalisema “KUNJA LIKIWA KAVU”. Mzee hakusema neno, aliomba chai. Klia yote ya juu ilisuguliwa na kupigwa upya, na hadi leo akija kwangu huegesha mbali na turubai.

Boneti Nyeusi
Nimerudi. Leo asubuhi, kabla jua halijapanda, nilitumia siki na maji yaliyotoneshwa, kiraka kimoja baada ya kingine, nikasuuza na kukausha kwa kugandamiza taulo bila kuburuta. Viduara karibu vyote vimeondoka. Vimebaki viwili chini ya kioo cha mbele, karibu na vipangusio, ambapo maji yalituama. Nikipitisha ukucha ninausikia ukikwama kidogo.

Fundi Mstaafu
Hivyo viwili viache. Rangi ikikomaa, mpelekee mtu mwenye kipimo cha unene apime kabla hajawasha mashine ya polishi, na hadi wakati huo usioshe gari simu ikiwa mfukoni.